Naomba ushauri: geji ya presha inatetemeka, mita ya maji nayo siiamini

Wakuu habari zenu, niko huku Mbale, tuna kisima na pampu ya umeme inayosukuma maji hadi kwenye tangi lililo juu kama mita 30 hivi. Sasa ile geji ya presha kwenye bomba la kutokea, pampu ikiwaka mshale unatetemeka mpaka husomi kitu, ukizima unatulia kwenye baa 3, ambayo naona iko sawa tu maana mita 10 za maji ni karibu baa 1. Kwahiyo geji si mbovu. Fundi mmoja anasema ninunue geji yenye gliserini ndani (kimiminika kizito cha kutuliza mshale), mwingine eti hapana, weka kavalvu kadogo kabla ya geji ukabane kidogo, mshale utatulia. Yupi nimsikilize, au nifanye yote mawili?

Halafu mita ya maji wameifunga palepale baada ya kona, bomba ni inchi 2, na najua mita za feni (zenye kifeni ndani kinachozungushwa na maji) zinataka bomba lililonyooka kama mara 10 ya kipenyo kabla ya mita, sasa hapa nafasi hakuna kabisa, ukuta huu hapa. Kuna aina isiyojali kona? Na bei za Kampala tafadhali, huku wanakuangalia viatu kwanza ndo wakutajie.