Majirani wa Kirumba: tovuti yetu ya paka

Fundi Simu: Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Tovuti ya kuchangishia paka wa mtaa imekaa sawa, nimeijaribu kwa bando la kawaida inafunguka fasta kwa sababu picha zote nimezipunguza, maana picha ya simu inakuja na MB 3 au 4, ukiwapanga wote hivyohivyo mtu anaondoka kabla hajaona hata sharubu

Mama Kulwa: Marahaba mwanangu. Na yule wangu wa madoa umemuweka??

Fundi Simu: Yupo wa kwanza kabisa mama, kakaa juu ya gunia la dagaa

Mama Kulwa: Wabeja sana 🙏 andika na habari zake basi, sema tangu awepo stoo panya wamehama. Na waambie watu waache kumwaga sumu ya panya, paka anamla panya aliyekula sumu na yeye anakufa, halafu panya wanarudi wengi kuliko mwanzo, hapo umefanya nini sasa

Baba Doto: Samahanini majirani mm nauliza. Kuna watoto hapa mtaani hawana madaftari na sisi tunachangishia paka?

Mwalimu: Baba Doto hela ikipatikana inaanza na chanjo ya kichaa cha mbwa, na huo ugonjwa paka naye anaupata, halafu wanaomkumbatia na kukwaruzwa ni watoto haohao. Dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Ndo maana nimeomba ukurasa wa kwanza tuandike kwa herufi kubwa, ukiumwa na mnyama osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata asiyechanga atoke na hilo

Baba Doto: Nilijua ni mbwa tu

Mwalimu: Mbwa ndo wanaoambukiza watu wengi zaidi, ila paka yumo. Na la pili ni kufunga kizazi. Paka anabeba mimba kama miezi miwili tu, na mtoto wake akifika miezi minne au mitano anaweza kubeba ya kwake. Wale mnaowaona wanatupwa kwenye mifuko kule ufukweni wanatokana na hapo, inaniuma sana kila nikipita

Dada wa Duka: Mm shida yangu ni hela. Isiingie kwenye namba ya mtu, hata iwe yangu, hata iwe ya mjumbe kwa heshima zote. Tuchukue lipa namba ya kikundi jina la kikundi litokee mtu anapolipa, akiona jina asilolijua anaghairi na mm ningeghairi. Halafu kila risiti ya daktari wa mifugo ipigwe picha iwekwe kwenye tovuti chini ya paka aliyetibiwa, mtu aone elfu yake imeenda kwa nani

Mjumbe: Nakubaliana na dada asilimia mia. Na kutoa hela wawe watu watatu, mmoja awe Baba Doto maana ndiye aliyeuliza

Baba Doto: Nipo tayari mjumbe

Fundi Simu: Sawa naongeza sehemu ya risiti leo. Ila kuna mtu kanitumia picha ya mtoto amelala na paka, ni nzuri kweli lakini naiacha, sura za watoto wa watu tusizitundike mtandaoni, paka peke yao wanatosha

Mama Kulwa: Umefanya vema

Mwalimu: Kuzindua iwe Nane Nane. Tarehe 8 Agosti hiyohiyo ni siku ya paka duniani, ipo tangu 2002, watu wako mapumziko na simu ziko mkononi

Dada wa Duka: 🔥🔥 imepita hiyo

Mjumbe: Na wale wanne tuliowachangia wenyewe wanaenda kwa daktari Jumamosi hii, wawe wa kwanza kuonekana na risiti. Usafiri je?

Baba Doto: Bajaji yangu ipo, sitaki hela. Nina na matenga yenye vifuniko nitayaosha yatoke harufu ya samaki wasije wakahangaika njiani

Mwalimu: Daktari atawakata ncha ya sikio wakiwa usingizini, ni alama kwamba ameshafungwa kizazi asikamatwe tena, msishtuke. Mama Kulwa, wako yule mkubwa, Ijumaa usiku usimpe dagaa, dawa ya usingizi haitaki tumbo lililojaa

Mama Kulwa: Atalia huyo mpaka asubuhi. Nitalala naye chumbani

Baba Doto: Saa moja kamili nipo mlangoni kwako mama