Tangi la maji limepasuka chini na supa gluu haishiki: nifanyeje?

Muulizaji, Chumbageni:
Ndugu wanajukwaa, nyumbani kwetu hapa Tanga tuna tangi la plastiki la lita 1000 lililokaa juu ya mnara wa mbao, na tangu wiki iliyopita linavuja kwenye ufa wa urefu wa kiganja, sehemu ya chini kabisa. Nililikausha, nikapaka supa gluu na kunyunyizia magadi ya kupikia, mchanganyiko unaoganda papo hapo na ambao uliwahi kuninusuru kwenye taa ya pikipiki. Safari hii pia uliganda, lakini maji yalipofika nusu ukabanduka wote kama gamba la samaki. Jirani ananishauri niyeyushe stairofomu (ile plastiki nyeupe nyepesi ya kufungashia vifaa) ndani ya petroli ili nipate gundi nzito. Je, inafaa, ikiwa maji hayo tunayanywa?

Fundi wa Ngamiani:
Petroli iache kabisa, ndugu yangu, kwa kuwa hutaimaliza harufu yake ndani ya maji. Matangi haya ni ya poliethilini, na plastiki hiyo haishikwi vizuri na gundi za kawaida za dukani. Dawa yake ni moto. Toa maji yote, kisha toboa kitundu kila ncha ya ufa kwa msumari wa moto ili ufa usiendelee kutembea. Pasha kisu kikuukuu kwenye jiko la mkaa, lainisha kingo mpaka zing'ae, halafu yeyushia juu yake utepe uliokatwa kwenye tangi bovu la aina hiyo hiyo. Ukikosa, dumu la manjano la mafuta ya kula ni la jamii moja, ingawa mshiko wake ni hafifu kidogo. Plastiki inatakiwa ivutike kama ulimbo. Ukiona moshi, kisu kimezidi joto. Fanyia kazi hiyo uani, si ndani.

Mstaafu, Sahare:
Mimi tangi langu lilipotoboka niliweka bolti yenye vipande viwili vya mpira wa tairi la baiskeli, kimoja ndani na kimoja nje, nikakaza nati. Halijavuja tena, lakini lile lilikuwa tundu la mviringo. Kwa ufa mrefu namwachia fundi.

Mama mjasiriamali, Mikanjuni:
Kabla hujawasha mkaa, naomba utueleze mbao za mnara wako zimeachana kiasi gani. Lita 1000 ni tani nzima ya maji, na kitako cha tangi kisipoegemea kila mahali hulegea palipo wazi, kikapanda na kushuka kila tangi linapojaa na kupungua, hadi kipasuke. Kwangu niliziba ufa mara mbili kabla ya kuligundua hilo, na mara zote mbili nilimlaumu fundi bure.

Muulizaji, Chumbageni:
Ahsanteni sana. Nimepanda kuangalia: mbao zimeachana vidole vinne, na ufa uko juu ya nafasi hiyo hiyo. Uani kuna mlango wa zamani wa mninga. Kesho tukishusha tangi nitaulaza juu ya mnara kwanza, ndipo nitafute kisu.