Nina laki nne tu, nifanye CCNA au nianze na A+? Naombeni ushauri

Mwana_Mwenge: Wakuu habari za usiku. Nina diploma ya IT, nimemaliza 2022, kazi sijapata mpaka leo, niko steshenari ya mtu hapa Mwenge natoa kopi na kuchapa barua kwa laki na nusu kwa mwezi. Kila tangazo la kazi ninaloona wanataka CCNA, kile cheti cha netiweki cha Cisco. Nina laki nne na laptopu ya RAM ya GB 4. Niende CCNA moja kwa moja au A+ kwanza, kile cheti cha msingi cha ufundi wa kompyuta? Nijibuni haraka jamani, silali.

FundiSwichi: Mdogo wangu A+ ni mitihani miwili, unalipia mara mbili, kwa mfuko huo achana nayo. CCNA ni mmoja, namba yake 200-301, dakika 120, dola 300. Kusoma ni bure, Jeremy's IT Lab kaweka kozi nzima YouTube, na Packet Tracer, programu ya kufanyia mazoezi ya netiweki, unajisajili Cisco Networking Academy unapakua bure. Ila laki nne ni kama nusu ya dola 300. Sasa haraka ya nini?

Mama_Nasra: Vyeti vyeti vyeti. Mume wangu anavyo vitatu ukutani na anauza mitumba Karume. Jifunze kufunga kamera kijana, mafundi wa kamera wanakula.

Mwana_Mwenge: Asanteni. Hela isiwape shida, hiyo nitajua mwenyewe. Nauliza tu, CCNA kwa wiki tatu inawezekana?

FundiSwichi: Wiki tatu? Mimi miezi saba, na nilikuwa naamka saa tisa usiku kwa ajili ya bando la usiku. Sema ukweli, umeshalipa?

Mwana_Mwenge: Haya ngoja niseme. Kuna jamaa kwenye grupu anauza vocha za kulipia mtihani nusu bei, laki nne, nimeshamtumia laki mbili ya kianzio, anasema inaisha muda mwisho wa mwezi. Najua mtasema nimepigwa lakini mle watu kibao wanaweka picha za vyeti, na nikimpigia anapokea. Mwizi hapokei simu.

Kobe_Mtulivu: Na majibu ya mtihani kakupa?

Mwana_Mwenge: Katuma PDF ya maswali na majibu ndio, ila sijasema nitaitumia yote.

Kobe_Mtulivu: Cisco wakikugundua wanafuta matokeo na wanaweza kukufungia usifanye tena mtihani wao. Hapo hela imeenda na jina limeenda.

Mama_Nasra: Hela ya nani hiyo?

Mwana_Mwenge: Ya mama. Kakopa kikoba, nilimwambia ni ada ya mtihani na kweli ni ada ya mtihani, sikumdanganya.

Mama_Nasra: Mwanangu mimi ni mweka hazina wa kikoba. Nimeshaona mama mtu mzima anabebewa friji na wenzake aliokuwa anacheka nao wiki iliyopita, kisa rejesho la mtoto. Usinisimulie mambo ya ada.

Mjomba_Sabasaba: Wakuu mnachezewa. Huyu ndiye muuza vocha mwenyewe. Kajiunga jana, kataja bei, kasema watu kibao wana vyeti, subirini awaite pembeni awape namba.

Kobe_Mtulivu: Hata mimi nimeanza kushtuka. Mwana_Mwenge, kama kweli unasoma CCNA, 192.168.10.77/26 iko netiweki ipi? Usigoogle.

Mwana_Mwenge: 192.168.10.64, brodikasti ni .127, hosti 62. Mimi sio muuza vocha jamani na namba yake siiweki hapa hata mkiomba. Hizi nazifanya kila siku nyuma ya karatasi za kopi zilizoharibika, wateja wakipungua.

FundiSwichi: Dakika mbili tu kajibu. Mdogo wangu hapo ndipo wengi tunapokwama na wewe umeshapita, PDF ya nini sasa? Usitume iliyobaki. Rudisha kwa mama hiyo laki mbili, endelea kusoma, utalipia mwenyewe Pearson VUE, wale wanaosimamia mtihani, ukijikusanya hata kama ni mwakani.

Mjomba_Sabasaba: Mi bado. Tuwekee meseji yake ya mwisho, ficha namba.

Mwana_Mwenge: Hii hapa, ya saa hii: "bosi malizia leo, na nitumie paswedi ya akaunti yako ya mtihani nikuwekee vocha mwenyewe." Sijamjibu. Nimempigia, haipokelewi. Mama naye kapiga mara mbili anataka kujua mtihani lini, nimeiacha inaita.

Mama_Nasra: Mpigie mama yako sasa hivi.