Mwingajini: walioutumia tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Nyuma ya nyumba ninayopanga huku Tanga umejiotea mwingajini, maua ya njano tele, na ukigusa jani mkono unanuka uvundo. Mama mwenye nyumba hataki ukatwe, anasema ni dawa. Dawa ya nini, na mnautumiaje? Waliousikia tu wasubiri kwanza.

*Mpemba wa Wete:* Bibi alikuwa anachimba mzizi, anauosha, anauchemsha mpaka maji yabadilike rangi. Tumbo likinyonga unapewa kikombe kidogo, na uchungu wake usiombe! Baada ya hapo choo hakikuachii, maana huu ni ndugu wa sanamaki na kazi yao ni moja. Majani alikuwa akiyatwanga, anatupaka mapunye kichwani. Yangu yaliisha, ila na mafuta ya hospitali nilikuwa napaka, kwa hiyo sifa sijui niipe ipi.

*Binti Kilwa:* Kwetu haunywewi. Mtoto akishtukashtuka usiku anafukizwa majani yake, shetani aondoke. Kwa harufu ile hata mimi ningehama.

*Mjukuu wa Babu:* Mzee wetu alikuwa anakaanga mbegu mpaka zinakuwa nyeusi, anatwanga, anapika kahawa. Chungu, lakini inanyweka.

*Daktari wa Ng'ombe:* Hapo kwenye mbegu nisikilizeni. Mbichi ni sumu. Ng'ombe akizila nyingi misuli inalegea, mkojo unakuwa wa kahawia, analala chini hainuki tena. Na si mifugo tu. Huko Uttar Pradesh, India, watoto vijijini walikuwa wanaugua ghafla, ini, misuli na ubongo kwa pamoja, na wengi walikufa. Kwa miaka watu walidhani ni kirusi, kumbe watoto walikuwa wanachezea maganda na kula mbegu za mti huu huu. Kukaanga kunapunguza sumu, ila mimi hiyo kahawa sinywi. Mjamzito naye asiguse dawa ya mzizi. Mleta mada, hapo uani kuna watoto?

*Mleta mada:* Wapo, tena wa kila umri, na wanachezea kombolela nyuma huko huko. Nimeshaongea na mama mwenye nyumba. Amekubali maganda yote tuyakate leo na kuyafukia, ila mti wake ubaki.

*Binti Kilwa:* Yataota mengine hayo. Ung'oeni.