Nimpe msaidizi wa kisheria wa mtandaoni malipo ya saa au ya kazi?

Kalamu Kavu: Wakuu, habari zenu. Kampuni yangu ndogo imeshtakiwa na jamaa aliyekuwa anatusambazia mali. Wakili anatoza kwa saa, na saa yenyewe kaikata vipande vya dakika sita. Ankara ya mwezi jana ina mstari "kusoma barua pepe ya mteja". Barua pepe hiyo niliandika "Asante, nimeipata." Dakika sita! Sasa nimepata dada mmoja, msaidizi wa kisheria anayejitegemea, anafanyia kazi kwake. Bei yake robo ya wakili. Swali ni moja: nimlipe kwa saa au kwa kazi?

Babu Faili: Kwa kazi. Kwa saa utalipia na usingizi wake. Nilipokuwa masjala kuna mwenzetu alikaa na jalada moja siku tatu, kuja kulifungua, kapanga kurasa kwa rangi ya karatasi.

Mama Mapacha: Niliwahi kumtumia mmoja, aliniokolea hela nyingi. Ila wakili ndiye aliyempangia kazi na kupitia kila ukurasa. Wako anasimamiwa na nani?

Kalamu Kavu: Ana uzoefu wa miaka tisa.

Mama Mapacha: Sijauliza uzoefu, ndugu yangu. Wakili wako anajua?

Hakimu wa Kijiweni: Rahisi ghali. Watu mnapenda mteremko sana.

Kalamu Kavu: Hajui. Na kabla hamjanirukia: utetezi wa maandishi dada keshauandika, nimeshasaini, naupeleka keshokutwa ambayo ndiyo siku ya mwisho. Jalada lote analo, pamoja na barua za ushauri za wakili. Kesi ni yangu na hela ni zangu. Nilichouliza ni malipo tu.

Mama Mapacha: Yaani wakili bado yuko kwenye kumbukumbu za mahakama, na wewe unapeleka utetezi wako pembeni? Akipeleka na wake je? Kupanga vielelezo, kuandaa mtiririko wa matukio, kufuatilia tarehe, hapo msaidizi anapunguza gharama kweli. Kuamua ujitetee vipi ni kazi ya mwenye leseni. Chama cha mawakili Marekani, ABA, kilishatoa maoni 2008: kazi kuipeleka nje ruksa, lakini wakili anabaki kuibeba. Yako nani anaibeba? Na zile barua ni siri yako na wakili. Ukizigawa hovyo, mpinzani anaweza kudai kinga ya siri hiyo imekwisha. Ulimuuliza kama aliwahi kumfanyia kazi huyo msambazaji?

Kalamu Kavu: Sikufikiria.

Jicho Nje: Hii chai. Mleta mada kajiunga jana, kesho kutwa ana siku ya mwisho, halafu anauliza malipo ya mtu aliyeshamaliza kazi? Huyu ndiye dada mwenyewe, anatafuta wateja. Subirini namba ya simu.

Babu Faili: Hata mimi naona haina sukari.

Kalamu Kavu: Mtu anayejitangaza angejianika hivi? Nimekaa na ankara mezani silali. Uliza chochote.

Jicho Nje: Haya. Utetezi umetaja hukumu ngapi? Maana 2023 huko New York, kwenye kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili wawili na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka hukumu zilizotungwa na ChatGPT. Nao wana leseni.

Kalamu Kavu: Nne. Dada kasema kazihakiki.

Jicho Nje: Zihakiki wewe. Fungua moja moja, soma.

Kalamu Kavu: Mbili za mwanzo ziko sawa. Ya tatu ipo, ila inahusu talaka. Ya nne nimeitafuta kote, haipo.

Hakimu wa Kijiweni: Ya talaka iache. Si mmeachana na msambazaji?

Kalamu Kavu: Nampigia wakili. Inaita.

Babu Faili: Dakika sita hizo zimeanza.