Kikundi cha Familia: Safari ya Mama, Lourdes na Roma

*Jumapili jioni, mwezi wa Kumi*

Deo: Mama shikamoo. Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi na Anjela tumeshinda tunapanga safari ya Mama na imekamilika. Tunatua Paris tarehe 2 Mei, tunalala usiku mmoja. Kesho yake treni hadi Lourdes, kule kwenye hija ya Bikira Maria, siku tatu. Kisha Roma siku nane mpaka tarehe 14. Kutoka Roma tunakwenda London kwa Baraka siku nne, halafu tunarudi Paris kupanda ndege ya nyumbani. Viza tunaomba Ufaransa kwa kuwa ndiko tunakotua.

Mama: Marahaba wanangu. Mungu awabariki. Lourdes naisikia tangu sijapata komunyo ya kwanza.

Anjela: Tunakwenda wanne: Mama, mimi, kaka Deo na Ivan wangu.

Mama Mdogo Filomena: Baraka atafurahi sana. Namwambia sasa hivi.

Tumaini: *[Imesambazwa mara nyingi]* HABARI NJEMA KWA WASAFIRI!! Viza ya Ulaya IMEFUTWA. Sasa ni kujaza ETIAS mtandaoni, euro 20 tu, jibu dakika kumi. Watumie ndugu na jamaa.

Tumaini: Baba, mmeona hii? Mtaokoa hela.

Vero: Mama shikamoo. Mama Mdogo shikamoo. Tumaini mwanangu, ujumbe huo usiusambaze tena. ETIAS ni ruhusa inayoandaliwa kwa watu ambao tayari wanaingia Ulaya bila viza, kama Wamarekani na Waingereza. Sisi pasipoti yetu inahitaji viza, kwa hiyo ETIAS haituhusu kabisa. Mtu akiuamini huo ujumbe atalipia tovuti ya matapeli, na siku ya safari atarudishwa kwenye kaunta ya ndege.

Tumaini: Samahani shangazi, nimeufuta.

Vero: Usijali. Deo, umepanga vizuri lakini kuna mambo mawili hayajakaa sawa, na afadhali niyaseme leo kabla hamjalipia kitu.

La kwanza ni wapi pa kuomba. Viza ya Schengen, yaani ile viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, haiombwi unakotua. Inaombwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha ya safari au utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana ndipo mnaangalia mnakoingilia. Ninyi Ufaransa ni usiku nne, Italia usiku nane. Mnaomba Italia.

Deo: Lakini dada, nimeambiwa Ufaransa miadi inapatikana haraka.

Vero: Hata kama. Ukiwapelekea Wafaransa ratiba yenye usiku nane za Roma watakwambia nenda Italia. Na ukibadilisha ratiba ili Ufaransa ionekane ndefu, umeshaandika uongo kwenye fomu yenye saini ya Mama. Sitaki jina la Mama liwe kwenye karatasi ya namna hiyo.

Deo: Hapo umenimaliza. Tunaomba Italia.

Anjela: Na Vatikani je? Ina viza yake?

Vero: Haina. Ukishaingia Italia unatembea kwa miguu mpaka Uwanja wa Mtakatifu Petro. Kuna ukaguzi wa mizigo tu kabla ya kuingia kanisani.

Jambo la pili ni London, na hili ndilo limewaliza wengi. Uingereza haimo Schengen. Nchi za Schengen ni 29: zimo hata Uswisi, Norway na Iceland ambazo haziko Umoja wa Ulaya, ila Uingereza na Ireland hazimo. Mkitoka Roma kwenda London mmetoka nje ya Schengen. Mkirudi Paris mnaingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi siku mlipoondoka Roma. Mtakwama uwanja wa ndege na bibi wa miaka 71.

Anjela: Yesu wangu.

Deo: Kumbe. Kwa hiyo tuombe ya kuingia mara mbili?

Vero: Au mrudi nyumbani moja kwa moja kutoka London, msiguse tena Schengen. Hapo mara moja inatosha. Lakini viza ya Uingereza ni maombi mengine kabisa: fomu nyingine, ada nyingine, alama za vidole tena, na jibu kwa kawaida wiki tatu. Na pasipoti zile zile ndizo zitakazozunguka kwenye maombi yote mawili.

Mama Mdogo Filomena: Basi Baraka awafuate Roma. Yeye yuko huko huko Ulaya, ana kibali cha kuishi.

Vero: Mama Mdogo, kibali chake ni cha Uingereza. Anatumia pasipoti ya nyumbani, kwa hiyo naye anahitaji viza ya Schengen kama sisi. Nafuu yake ni kwamba ataomba huko huko London kwa sababu anaishi kihalali.

Mama Mdogo Filomena: Lo. Mimi nilidhani ukishakuwa kule milango yote iko wazi. Nitamwambia aanze mapema.

Mama: Veronika, London niondoeni. Baraka akiweza kuja Roma tutaonana Roma. Akishindwa, atakuja nyumbani kama siku zote. Mimi moyo wangu uko Lourdes na kwa Mtakatifu Petro.

Deo: Sawa Mama. Tunarudi kutoka Roma tarehe 14.

Vero: Asante Mama, umeturahisishia sana. Sasa kila mtu anitumie picha ya ukurasa wa mbele wa pasipoti. Nitumieni mimi pembeni, msiweke hapa kikundini. Tupo watu 34 humu na wengine simu zao zinashikwa na watoto.

*Jumatatu*

Vero: Nimeziangalia. Deo, Anjela na Ivan mko sawa. Mama, pasipoti yako inaisha tarehe 30 Julai.

Mama: Si tutakuwa tumerudi zamani?

Vero: Mtakuwa mmerudi, ila wanataka pasipoti iwe hai miezi mitatu baada ya siku unayotoka kwao. Unatoka tarehe 14 Mei, kwa hiyo inatakiwa ifike angalau 14 Agosti. Umepungukiwa wiki mbili. Pia iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na kurasa mbili tupu. Tubadilishe hii kabla ya kitu kingine chochote.

Deo: Nampeleka mimi. Wiki hii hii.

Anjela: Da Vero, muda tunao?

Vero: Tunao. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, yaani tangu tarehe 2 Novemba, na mwisho ni siku 15 kabla. Lakini asije mtu akangoja hizo siku 15. Jibu hutoka ndani ya siku 15, na wakitaka kuchunguza zaidi wanaruhusiwa kufika 45. Mimi nasema mwezi wa Pili faili liwe mezani kwao.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Ivan ana miaka 9, analipa 45. Wa chini ya miaka 6 hawalipi. Jumla yenu euro 315, bila kuhesabu ada ya kituo kinachopokea maombi. Ukinyimwa hairudi.

Deo: Na benki? Akaunti yangu mwezi huu imechoka, nimemalizia ujenzi. Kuna rafiki yangu amekubali kuniwekea hela wiki moja tu, nichukue taarifa ya benki, nimrudishie.

Vero: Deo. Usifanye hivyo. Nakuomba kama dada yako.

Vero: Wengine hapa hamjui kwamba mimi nilinyimwa viza. Nilikuwa nimeshafanya kazi ya wakala wa safari miaka minne, najaza fomu za watu kila siku, halafu yangu ikanishinda. Niliweka hela ya kuazima kwenye akaunti siku tisa kabla ya kwenda. Nilikuwa na mshahara wa kutosha kabisa kwa safari fupi ya siku sita, ila niliona haya, nikataka nionekane na nyingi. Karatasi ya kukataliwa ikarudi na kisanduku kimewekewa alama: uthibitisho wa uwezo wa kifedha hauaminiki. Nililia kwenye daladala mbele za watu. Hela ya kuazima haikunisaidia, ndiyo iliyoniangusha, maana wao hawaangalii salio la mwisho peke yake. Wanaangalia miezi yote: mshahara unaingia lini, unatoka vipi, na ghafla huu mlima umetoka wapi.

Anjela: Dada pole. Hukuwahi kutuambia.

Mama: Mwanangu. Kumbe ndiyo ile siku uliyokuja nyumbani ukalala bila kula.

Vero: Ndiyo Mama. Baadaye niliomba tena kwa karatasi zangu za kweli na nikapata. Kunyimwa mara moja hakukufungi maisha, lakini rekodi inabaki kwenye mfumo wao wa viza hadi miaka mitano na nchi zote za Schengen zinaiona. Kwa hiyo ukiulizwa, sema ukweli.

Deo: Nimekuelewa dada. Hela ya rafiki siigusi. Sasa nifanyeje?

Vero: Onyesha ulivyo. Ujenzi una risiti, ziambatanishe, na barua fupi ya kueleza hela ilikwenda wapi. Barua ya likizo kutoka kazini yenye tarehe ya kurudi. Mama hana haja ya kuonyesha mamilioni: mimi nitamdhamini. Naweka barua ya udhamini, taarifa zangu za benki za miezi sita na cheti changu cha kuzaliwa chenye jina lake. Na Mama aweke karatasi za pensheni na hati ya shamba. Swali kubwa la afisa huwa ni moja: huyu atarudi? Mtu mwenye shamba, pensheni na wajukuu kumi na mmoja anarudi.

Mama: Narudi. Nani atavuna?

Vero: Anjela, wewe lete cheti cha Ivan na idhini ya baba yake iliyosainiwa. Bima ya safari wote, isiyopungua euro 30,000, inayofanya kazi nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari, yenye matibabu ya dharura na kurudisha mgonjwa au mwili nyumbani. Na tiketi msilipie bado. Wekeni nafasi tu, mlipe viza ikitoka.

*Alhamisi, mwezi wa Pili*

Anjela: Tuko kituoni. Faili zimepokelewa zote. Ila vidole vya Mama mashine haivisomi. Wamerudia mara nne.

Mama Mdogo Filomena: Tatizo nini tena jamani?

Anjela: Dada anayepima anasema mistari imefutika.

Mama: Ni jembe, Filomena. Miaka hamsini.

Vero: Anjela, kaa naye, mwambie asiogope. Kanuni yao inajua watu kama Mama. Wanachukua vidole vinavyosomeka, na ambaye haiwezekani kabisa kimwili anasamehewa. Ivan hata hawamgusi kwa kuwa hajafika miaka 12. Mama hawezi kunyimwa kwa sababu ya kazi ya mikono yake.

Anjela: Wamepata saba. Wamesema inatosha. Mama amemshukuru yule dada mpaka yule dada akasimama kumsindikiza mlangoni.

Deo: Mama, mikono hiyo ndiyo iliyotusomesha.

*Jumanne, mwezi wa Tatu*

Deo: ZIMETOKA! Wote wanne!! Na angalieni, imeandikwa kuanzia 2 Mei hadi 29 Mei! Tuna wiki mbili za ziada. Nafikiria tuongeze Assisi na Padua.

Mama Mdogo Filomena: Aleluya!

Vero: Hongereni sana, nimefurahi mno. Deo, kabla hujaongeza mji, shuka chini kidogo kwenye stika ya viza ndani ya pasipoti. Kuna sehemu ya siku. Imeandikwa ngapi?

Deo: 13.

Vero: Hizo ndizo siku zenu. Zile tarehe mbili ni dirisha tu: katikati yake mnaruhusiwa kukaa siku 13, basi. Wanaongeza siku 15 mwishoni ili ndege ikiahirishwa au mtu akiugua kabla ya kuondoka safari isife. Tangu 2 hadi 14 Mei, siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, ni 13 kamili. Mkitoka tarehe 15 mmezidisha siku moja. Siku hizi wana mfumo mpya mpakani unaoandika kuingia na kutoka kwa picha ya uso badala ya muhuri, na unahesabu wenyewe.

Deo: Assisi nimeitoa. Asante dada, ningetuingiza pabaya.

Vero: Angalieni pia jina na namba ya pasipoti kwenye kila stika, herufi kwa herufi. Kosa likionekana leo linarekebishwa.

Anjela: Nimekagua zote, ziko sawa. Baraka naye amepata yake jana, ameniandikia.

Mama: Siku kumi na tatu zinanitosha. Veronika, karatasi za bima na hoteli niziweke kwenye sanduku kubwa pamoja na nguo?

Vero: Hapana Mama, zibebe mkononi pamoja na pasipoti na tiketi ya kurudi. Viza si mwisho, afisa wa Paris anaweza kukuuliza unakwenda wapi na utalala wapi, na dirisha lake linakuja kabla hujafika kwenye sanduku.

Mama: Nimeshazitoa. Ziko kwenye mkoba wa kanisani.