Mnaoujua Wilson, uwanja wa ndege ndogo Nairobi, kwa kazi: tupeane uzoefu

MizaniYaHanga: Kuna abiria analalamika sanduku lake limekataliwa Wilson na halikuzidi kilo. Si kilo peke yake, ndugu. Kwenye Caravan, ndege ndogo ya abiria yenye injini moja, mizigo huingia kwenye kisanduku kilicho chini ya tumbo la ndege, na milango yake ni midogo. Sanduku gumu lenye magurudumu halikunjiki. Beba begi laini, kilo 15 pamoja na la mkononi, na ukiombwa upande mizani wewe mwenyewe, panda. Wenye uzoefu, tiririkeni.

LamiNyembamba: Wilson adui ni joto. Uwanja uko futi 5,536 juu ya bahari. Mchana joto likifika nyuzi 26, ndege inafanya kazi kana kwamba iko futi 8,000. Cessna 172, kindege cha viti vinne, ikiwa na watu wazima wanne na matangi yamejaa, itakula lami yote halafu igome kupanda. Ondoka saa moja asubuhi, la sivyo shusha mtu. Na wakati wa kupima injini, kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika, vuta polepole kitasa chekundu cha kupunguza petroli hadi mizunguko ifike kileleni ianze kushuka, kisha kirudishe ndani kidogo. Petroli ikizidi hewa, nguvu unaiacha chini.

Nyota_NairobiWest: Kweli tupu. Februari saa nane mchana usibishane na hesabu.

FundiWaPlagi: Mmetaja petroli, basi niseme linalonikosesha usingizi. Ndege ya pistoni kama 172 hutumia petroli ya ndege iitwayo avgas 100LL, ya buluu. Caravan ni ya injini ya tabaini, hutumia Jet A-1, jamii ya mafuta ya taa, isiyo na rangi au ya manjano hafifu. Ukitia Jet A-1 kwenye 172, injini itawaka vizuri tu! Mabomba bado yana avgas ya kutosha kufika mwanzo wa njia ya kurukia na kupima magneto, vifaa vya kuwasha cheche. Ndege ikishaondoka ndipo mafuta ya Jet A-1 yanafika kwenye silinda: yanalipuka kabla ya wakati, joto linapanda, pistoni inatoboka, na rubani yuko futi 200 hana pa kutua. Ukitoa sampuli, usitegemee rangi peke yake, maana yakichanganyika bado utaona buluu iliyopauka. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Avgas hukauka ikaisha, Jet A-1 huacha duara la mafuta. Mdomo wa bomba la Jet A-1 hufanywa mpana na bapa makusudi usiingie kwenye tundu la avgas. Ukimwona mtu anaulazimisha, mzuie.

Mama_Hanga7: Subhanallah. Hii ya karatasi ibandikwe ukutani.

LamiNyembamba: Na maji je? Hukai chini ya tangi?

FundiWaPlagi: Hukaa chini, ndiyo. Toa sampuli kila baada ya kujaza na kila asubuhi.

SouthC_Ghorofa5: Mazungumzo mazuri, lakini sisi wa chini tunasikia kelele kutwa. Uwanja uhamishwe.

Nyota_NairobiWest: Uwanja ulikuwepo tangu miaka ya 1930, na jina la Florence Wilson, mwanzilishi wa shirika la ndege la Wilson Airways, umelibeba tangu 1962. Ghorofa ndizo zilizoufuata. Mjenzi huku lazima apate kibali cha urefu kutoka mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kumwaga zege.

SouthC_Ghorofa5: Kibali hakizibi masikio ya mtoto mchanga.

MizaniYaHanga: Dada, kelele ni kweli. Lakini ukizihamishia ndege JKIA, uwanja mkubwa wa Nairobi, kila ndege ndogo itasubiri dakika kadhaa nyuma ya kubwa, msukosuko wa hewa yake utulie. Pia kuna miraa inayorushwa Somalia kutoka hapa: inafika mbio kwa Hilux kutoka Maua, imefungwa majani ya mgomba, na baada ya saa 48 hivi makali yake yameisha. Somalia ilipoizuia 2020 hadi 2022, wapakiaji wengi walikosa kibarua.

Gari_la_Wagonjwa: Kwa walio mashambani wanaongoja ndege ya daktari, iliyoanzia hapa mwaka 1957 na Flying Doctors: mkipiga simu, semeni uzito wa mgonjwa, kama anapumua kwa shida, na kama mvua imenyesha kiwanjani. Udongo mweusi ukilowa hunasa magurudumu. Kama amegongwa kifua, semeni mapema, kwa sababu hewa iliyonasa kifuani huvimba ndege ikipanda, na daktari atataka kuweka mrija kabla ya kuruka. Endesheni gari kiwanja kizima mara mbili kufukuza mbuzi. Kisha lisimame kando, na msisogee hadi propela isimame kabisa.